Kashata Ndani ya Buti

Nohemí aliingiza mguu ndani ya buti lake la mpira, vidole vikagusa kitu. Akauchomoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

Alilipindua buti. Kikadondoka kifurushi cha maganda ya hindi, kimefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kashata ya nazi na nanasi, imeunguzwa kidogo ukingoni.

Kashata hizo hupikwa kwao Ciénaga, pwani, safari ya usiku kucha kwa basi kutoka huku kwenye mashamba ya maua na baridi inayouma masikio. Na aliyejua kwamba yeye anapenda zilizoungua alikuwa mtu mmoja tu. Arnulfo, mumewe, alikuwa akimletea kashata kila alipomaliza kumpiga.

Aliwatupia kuku. Kisha akaenda moja kwa moja hadi ukumbi wa kufungashia waridi, kwa Doña Nubia, msimamizi wao.

"Nipe changu kilichobaki, mama. Naondoka leo."

Doña Nubia hakuacha kupunguza majani. "Uende wapi? Mbona unatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa?"

Nohemí alimweleza yote kwa sauti ya chini: mume, ngumi, kashata, begi lililokaa tayari nyuma ya mlango wa chumba chake tangu alipofika.

"Akinipata safari hii, haniachi hai."

Doña Nubia alicheka hadi mkasi ukamponyoka. "Mwezi wa Mapenzi na Urafiki huu, mtu anapewa utamu halafu anakimbia? Si sote tulichomoa majina kwenye kofia, kila mtu amtunze wake kwa siri? Rafiki yako wa siri huyo. Anakutilia utamu tu, mpaka siku ya kujitaja. Gladys ameshapata chokoleti mara tatu na hajaandika wosia."

"Chokoleti za Gladys zinawekwa pale." Nohemí alionyesha ukutani, ilikotundikwa mifuko ya karatasi, kila mmoja na jina la mwenyewe. Wake ulikuwa mtupu. "Yangu imetiwa butini, hapo nje uani tunapoziacha buti usiku, kabla hatujafika kazini."

"Basi ana haya. Akisogelea mifuko, macho yote haya yatamwona." Doña Nubia aliuelekeza mdomo kwenye mlango wa chumba cha baridi. "Nani hapa akiamkiwa anaujibu ukuta? Nani mtu wa pwani kama wewe? Na nani aliniuliza juzi, eti Nohemí anapenda nini?"

Mlango ukafunguka. Evelio alitoka amekumbatia ndoo ya waridi, akaona wanamtazama, akageuka na ndoo yake kurudi alikotoka.

"Haya," alisema Doña Nubia. "Huyo ndiye simba wako. Kafanye kazi, mwanangu."

Nohemí alitaka sana kuamini. Hata hivyo kila jioni alipita njia tofauti kwenda nyumbani, akaegemeza kiti mlangoni kabla ya kulala, na pikipiki ikipunguza mwendo dirishani aliacha kupumua.

Wiki iliyofuata buti lilikuwa na kipande cha halwa ya mapera. Alikinusa, akakiweka, akakirudia. Mwishowe akala. Hakuna aliyekuja kumgongea mlango. Na mchana, wakati wa chakula, Evelio alimsogezea chumvi kabla hajaiomba, huku akitazama kwingine. Nohemí alijikuta anacheka.

Kisha zikaja soksi. Za sufu nzito, nyekundu. Tangu ahamie huku miguu yake haikuwa imeonja joto, na ni miguu midogo kama ya mtoto. Soksi za madukani humpwaya. Hizi zilimkaa sawasawa.

"Kipimo amekijuaje?" alimuuliza Doña Nubia.

"Buti zako zinalala hapo nje. Mwanamume akipenda, anapima mpaka unyayo."

Jioni ile Nohemí alilifungua lile begi la nyuma ya mlango, akatundika magauni yake yote ukutani. Kiti akakiacha mezani.

Jumamosi walizisogeza meza za waridi pembeni, wakachemsha chokoleti ya kunywa na kukata jibini ya kuchovya humo. Mmoja baada ya mwingine walijitaja. Nohemí alikuwa amechomoa jina la dereva mzee aliyelalamikia masikio yake kila asubuhi; alimvisha kofia ya sufu, mzee akagoma kuivua hata kwa picha.

Ndipo Evelio aliposimama, sanduku dogo mikononi, shingo imemwiva.

"Angalia njia, Evelio," mtu alimtania. "Usije ukaupa ukuta."

Aliuvuka ukumbi mzima, akasimama mbele ya Nohemí.

"Dada Nohemí. Rafiki yako wa siri ni mimi."

Wakapiga makofi. Doña Nubia alimfinya Nohemí kiuno, na Nohemí akahisi kitu kilichombana kifuani tangu Ciénaga kinalegea, kinamwachia.

"Nilijua," alisema.

"Basi nisamehe." Evelio aliinamisha kichwa. "Wenzangu wamewatilia watu wao utamu mwezi mzima. Mimi niliona haya hata kupita karibu na mfuko wako. Sijakupa hata peremende moja. Nikasema bora nilete kitu kimoja, lakini cha maana."

Alimfungulia sanduku. Ndani mlikuwa na soksi za sufu, za buluu.

"Nimeona unavyoteseka na baridi. Kipimo nimekisia tu."

Zilikuwa kubwa, zingemtosha dereva. Nohemí hakuzigusa. Alikuwa akitazama chini, pale ukingo mwekundu ulipochungulia juu ya buti lake.