Milioni Ishirini na Nane na Ushei

"Elfu tatu mia tano tisini na tatu," alisema Mwalimu kutoka kitandani.

Mkewe akagawanya. Kalamu ilikuwa imemchubua kidole, mgongo ulimuuma, na nguo zilikuwa bado kwenye beseni tangu asubuhi. "Imebaki elfu tatu na sabini na sita."

"Vizuri. Bado imesimama."

Iliyosimama ni namba: 28,563,833. Mwalimu alitaka kujua kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbili, tatu na tano zilishindwa mapema, kwa kuitazama tu. Zilizofuata zilitaka jasho. Kiharusi kilimwachia Mwalimu kichwa na ulimi, mikono kikaenda nayo, kwa hiyo aliyegawanya ni mama wa watu, ambaye hesabu aliziacha shuleni na hakuwahi kuzikumbuka kwa hamu.

Alikuwa amemuuguza peke yake hadi akachoka hoi. Mwisho akamwambia wazi kwamba anakwenda kukaa kwa dada yake, muuguzi atatafutwa. Mwalimu hakubisha. Kesho yake akamwomba amsaidie namba hii moja tu. Ikijulikana imegawanyika au haigawanyiki, aende zake kwa amani.

Binti yao alipokuja kuwaona alitoa simu. "Baba, hii itamaliza kufumba na kufumbua." Mwalimu akageuzia uso ukutani, akasusa chakula mpaka simu iliporudi mkobani. Kiburi cha wasomi, mkewe aliwaza, akachukua kalamu tena.

"Elfu tatu mia sita na saba," Mwalimu alisema sasa, polepole.

Akagawanya. Akateremsha tarakimu ya mwisho, akatoa, akaduwaa. Akarudia kutoka mwanzo. Hakikubaki kitu.

Moyo ulimruka kwa furaha, na aibu ikafuata papo hapo. Leo hii angeweza kufunga mizigo. Akainua macho, akamwona mumewe anavyomsubiri, shingo imekonda, mdomo wazi kidogo. Huyu alikuwa anakula kwa sababu ya namba hiyo tu. Akiambiwa imekwisha, kesho atafumbua macho kwa ajili ya nini?

"Imebaki moja," alisema.

"Una hakika?"

"Nimerudia, Mwalimu. Moja. Haya, taja inayofuata, tusikeshe hapa."

Mwalimu hakutaja. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Hapo hakibaki kitu, mama watoto," alisema. "Nilizizidisha mwenyewe kichwani, hiyo na elfu saba mia tisa na kumi na tisa, siku ile uliponiaga."