Vumbi Lisishike Vanishi

Karakana ya samani ilikuwa imefungwa madirisha yote, na harufu ya thina ya kuzimulia vanishi ilimkaba mama koo hata kabla hajamwona mwanawe akipaka kabati vanishi.

"Karibu, mteja. Unataka kitanda?" mwanawe alimuuliza.

"Mwanangu, ni mimi mama yako!"

Tajiri wa kijana, mwenye karakana, alicheka. "Siku hizi anapiga soga na makabati. Kichaa cha ukoo wenu hicho."

"Koma! Ukoo wangu usiutie kinywani. Alikuja hapa na akili zake timamu. Fungua madirisha!"

"Vumbi litashika vanishi, mama," tajiri alijibu.

"Vumbi?"

Mama aliokota mguu wa kiti, akapasua kioo cha dirisha. Upepo ukaingia. Mwanawe akakimbia kulikinga kabati kwa kifua, akimwita mwizi.

Mama akaliendea dirisha la pili.