Sikio la Ukutani

Siku hizi daktari hamgusi mtoto kifua. Kila nyumba ina sikio lake la chuma ukutani, na dawa hutoka humo likisikia ugonjwa lenyewe. Neno la mama halihesabiwi.

Tangu masika kifua cha Kheri, mwenye miaka mitatu, kilikuwa kikipiga miluzi, na mtaa mzima ulishuku pumu. Jioni hiyo mbavu zilikuwa zikibonyea kila akivuta pumzi. Mama yake, Mwajabu, akampakata akamwimbia, kama mama yeyote.

"Wimbo unasikika," sikio likasema. "Mtoto ametulia. Hali njema."

"Hali njema ya nani?" Mwajabu akafoka. "Njoo basi uzishike hizi mbavu."

Mama mkwe wake, Bi Rukia, akamgusa bega. "Mwanangu, chuma hakigombwi. Kinakusikia wewe, yeye hakimsikii. Mlaze, unyamaze."

"Nimwache ahangaike peke yake, mama, ili ukuta uridhike?"

Lakini dawa ilikuwa humo ukutani. Akamlaza mkekani, akasogea kando, akajiziba mdomo kwa pindo la kanga. Miluzi ya kifua ikajaa chumbani. Taa ya kijani ya sikio ikaanza kuwa nyekundu.

Kheri alimtazama mama yake, asijue amekosa nini. Akaungoja wimbo. Ulipokawia akauanza mwenyewe, kwa sauti nyembamba, akikatika kila neno.

Taa ikarudi kijani.

"Mtoto anaimba," sikio likasema. "Hali njema."