Dole Gumba la Mama

Tiki mbili zikageuka buluu, Loise akashusha pumzi. Kundi la wasapu la kijiji chao cha Sagalla lilikuwa limetangaza ndovu njia ya kisimani, na mama mkwe wake alikuwa ameshika njia hiyo na mtungi. "Mama, rudi," alikuwa amemwandikia.

Dole gumba likajibu.

Hapo Loise akakumbuka. Mama hajui kusoma. "We andika tu, mwanangu, mimi nitabonyeza," humtania. Hata habari za msiba huzijibu kwa dole gumba. Na akipigiwa simu au kutumiwa ujumbe wa sauti, hufungulia kwa nguvu mpaka ng'ambo wasikie. Ndovu je, si atasikia?

Kwa kidole chenye unga Loise akatafuta picha ya ndovu, akaituma.

Tiki mbili. Buluu.

Safari hii dole gumba halikuja; picha Mama alijua kuisoma.