Damu Kwenye Kiini

Teodora alivunja yai kwenye bakuli, akaganda.

Haraka ya kupika kitu cha njiani na kuwahi basi stendi ya Nyegezi, akimkimbia mume mwenye ngumi, ilimfanya achomoe yai chini ya kuku anayeatamia. Juu ya kiini zilitanda nyuzi nyekundu, nyembamba kama mizizi ya mche wa nyanya, na katikati yake kitone kilikuwa kinadunda.

Mama mkwe alichungulia begani kwake. “Ndivyo wanavyoanza. Damu inajitengeneza kwanza huku nje, kwenye kiini. Mwenyewe hata kichwa hajapata.” Akacheka kidogo. “Na wewe, mama, mwezi wa pili huu sijaona vitambaa vyako kwenye kamba.”

Teodora alikuwa amejiambia kwamba amechelewa tu.

“Nimeliona begi lako,” mama mkwe alisema kwa upole. “Nenda, na kwenu waturudishie ng'ombe wa mahari. Lakini mtoto aliyeingia kwa ng'ombe zetu ni wetu. Utamzaa, tutamfuata.”

Nje, bodaboda aliyekuja kumpeleka stendi alipiga honi.

Mama mkwe akatoka. Teodora akaanza kutoa nguo kwenye begi. Alimsikia akimwambia dereva, “Nenda tu, mwanangu, hasafiri tena,” kwa upole uleule.