Asubuhi ya Hatamu

Theluji iliporomoka kutoka paa la banda kwa kishindo. Farasi aliruka, akambana Brigitha ukutani.

Kwa wiki sita, kila asubuhi kabla ya kupanda treni kwenda kazini katika kitongoji cha Kista, Brigitha alikuwa akija kumsugua farasi yule jike. Alianza na bega tu. Ilimchukua siku kumi kufika shingoni, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa ameligusa sikio lenye kovu.

"Toka humo!" alipaza sauti mwenye banda, bibi wa Kiswidi, akiwa mlangoni. "Farasi asiyekubali hatamu hana kazi hapa. Kesho wanakuja kumchukua."

Brigitha alijua kwamba wanaochukuliwa hawarudi. Mbavu zilimuuma. Mlango ulikuwa hatua mbili tu, na mnyama alikuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamemtoka.

"Sitoki," alijibu. Kisha, kwa Kiswahili, taratibu, kama alivyozoea: "Tulia, mama. Ni mimi. Tulia."

Hakukiondoa kiganja chake shingoni. Chini ya manyoya mazito aliuhisi mshipa ukipiga mbio, ukaendelea kupiga mbio, halafu ukaanza kupunguza kasi. Farasi alishusha pumzi ndefu. Akasogea pembeni, akainamisha kichwa mpaka pumzi yake ya moto ikampata Brigitha shavuni.

"Nipe hatamu," Brigitha alisema bila kugeuka.

Yule bibi alisita. Kisha akavua viatu vyake vizito, akaingia kwa kunyata, hatamu mkononi.