Viatu vya Chumba Namba Sita

Shwa, shwa, shwa. Kabla hakujapambazuka nilisikia brashi ikisugua kiatu, pale kwenye kiti cha dirishani.

Sikuwasha taa. Nilijua ni mume wangu. Alifia katika hoteli hii ndogo, chumba hiki hiki, asubuhi ya harusi ya binti yetu, kabla hatujavuka barabara kwenda kanisa kuu. Tangu hapo kila mwaka nalala hapa siku moja, naye huja kung'arisha viatu. Dada wa mapokezi hunitunzia chumba bila kuniuliza neno, na kiti hukisogeza dirishani yeye mwenyewe. Mungu ambariki.

Safari hii nilikuja kumuaga.

"Baba watoto," nikasema, "magoti yamegoma. Ngazi nimepandishwa kwa kushikwa mikono kama bibi harusi. Watoto wamesema basi."

Brashi ikasita. "Bibi harusi gani anakohoa hivyo?"

Nikacheka huku machozi yakinitoka. Kwa mwanga uliotoka kanisani niliviona vidole vyake, vyeusi kwa rangi ya viatu.

"Sitarudi tena. Nenda ukapumzike."

Aliinama taratibu, akavipanga viatu sakafuni, vyangu kando ya vyake. Vyangu navyo alikuwa amevisugua mpaka vinang'aa.

Kengele za kanisa zikaanza kulia, naye akaanza kufifia.

"Mwakani nitakaa na nani?" akauliza. "Njoo tena, mama watoto. Hata kwa kubebwa, njoo."